Mgeni njoo, mwenyeji apone: hatari za kazini tunazopishana nazo kila siku bila kuziona

#1 Spana17

Wakuu salaam,

Mimi ni fundi mitambo kiwandani, na huu ni mwaka wa nne tangu wenzangu wanichague kuwa mwakilishi wa usalama. Uzi huu umetokana na kipande cha waya.

Tuna mashine ya kufungasha yenye mlango wa wavu mbele ya rola. Mlango ukifunguka, swichi ndogo pembeni inakata umeme na rola zinasimama. Ndivyo mashine ilivyokuja. Ya kwetu ilikuwa inaendelea kuzunguka mlango ukiwa wazi, maana kuna mtu, siku nyingi zilizopita, aliibana ile swichi kwa waya akauzungusha mara tatu. Waya ulishakuwa mweusi kwa grisi na vumbi, ukafanana na mashine yenyewe. Nimeihudumia mashine hiyo miaka 11. Nimeibadilishia beringi, nimepiga magoti mbele yake na tochi mdomoni. Waya ulikuwa usawa wa pua yangu.

Kijana mpya, siku yake ya pili kazini, akauliza: "Fundi, huu waya unashika nini?"

Nikamjibu "achana nao, ndivyo ilivyo", nikaenda kunywa maji. Hayo maji hayakupita.

Semina nimekaa nyingi tu. Unapewa karatasi: umeme, moto, kuteleza, kelele, unatia tiki unarudi kazini. Karatasi haikosei, ila inakuonyesha hatari unazozijua tayari. Tangu siku ya waya nimebadilisha namna ya kutazama, na nina mambo mawili ya kuwaachia.

La kwanza, natafuta nguvu iliyolala. Kitu chochote kikikuumiza kazini, kuna nguvu iliyofunguka pasipotakiwa. Kilichowekwa juu kinataka kushuka. Springi iliyobanwa inataka kunyooka. Kompresa uliyozima jana jioni, mtungi wake bado umejaa hewa asubuhi. Haidroliki iliyonyanyua mzigo, hata mota ikifa, mafuta bado yamebeba uzito ule ule na yanasubiri ulegeze nati moja. Kapasita, kile kifaa kinachohifadhi umeme ndani ya mashine, inaweza kukupiga na plagi umeichomoa. Kwa hiyo kabla sijagusa kitu siulizi "kimezimwa?" Nauliza kuna nini ndani yake ambacho bado hakijaisha.

La pili ni viraka. Tembea sehemu yako ya kazi leo uhesabu vitu ambavyo havikuja na mashine wala jengo: boksi lililokunjwa chini ya mguu wa meza, kitambaa kilichofungwa kwenye bomba, kiti kinachoshikilia mlango wa moto usijifunge, mpini wa fagio ulioegemezwa kando ya mkanda wa kusafirishia mzigo (waulize wa hapo, watakwambia ni wa kusukumia mzigo ukikwama, mkanda ukiwa unatembea). Mtu haweki kiraka kwa kupenda. Palipo na kiraka kuna kitu kilimsumbua mtu mpaka akachoka kulalamika.

Karibuni. Kila mtu aeleze cha kwake, hasa kile alichoishi nacho muda mrefu.

#2 KitiChaMbele

Natia nanga hapa. Nimesoma mpaka kwenye kiti na mlango wa moto nikageuka nyuma kutazama. Kipo. Na ni kiti changu.

#3 BwanaTathmini

Mkuu Spana17, uzi mzuri, ila niweke maneno sawa kidogo maana ndiyo kazi yangu. Kihatarishi ni kile kitu chenyewe kinachoweza kudhuru: umeme, urefu, asidi. Hatari, tukiipima, ni uwezekano wa hicho kitu kukudhuru ukiuunganisha na ukubwa wa madhara yake. Asidi iliyofungwa stoo na asidi iliyomiminwa kwenye ndoo isiyo na mfuniko ni kihatarishi kile kile, hatari mbili tofauti kabisa.

Nasema hivi kwa sababu watu wakishachanganya, wanakimbilia glavu na kofia. Utaratibu unaanzia mbali zaidi: kiondoe kabisa, ukishindwa kibadilishe na kisicho kikali, ukishindwa kitenge kwa kizuizi au mashine ya kuvuta hewa, halafu ndiyo uje kwenye ratiba, mafunzo na mabango. Vifaa kinga ni vya mwisho. Kofia ngumu haizuii tofali kuanguka.

#4 Spana17

Nimekubali, mkuu. Ila ukija kwetu na "kihatarishi" saa mbili asubuhi watu wanaangalia saa. Nikisema "nini kitakuuma leo hapa?" wananijibu wote.

#5 MamaZamu

Jamani nyie wa mashine mna kelele, hebu na sisi wa usafi tuseme. Miaka 14 nasafisha, majengo ya kila aina, hospitali ikiwemo.

Kwetu hatari inakaa kwenye chupa. Kuna siku nilikuwa na mwenzangu kwenye choo cha ndani kisicho na dirisha. Sinki lilikuwa na madoa sugu. Akamimina dawa ya klorini, akaona haikati, akaongezea na ile dawa ya choo yenye asidi ili "ipate nguvu". Hazikupata nguvu, zilitoa gesi ya klorini. Macho yakawaka, tukakohoa kama tumemeza pilipili, na mlango tulikuwa tumeuegesha ili watu wasiingie. Tulitoka kwa kupapasa ukuta. Mwenzangu kifua kilimbana siku kadhaa. Na msidhani ni asidi tu: klorini na dawa zenye amonia nazo zikikutana zinatoa gesi mbaya. Dawa mbili zinazosafisha vizuri kila moja peke yake si lazima ziwe marafiki.

La pili, na hili linanikera zaidi: mtu anamimina dawa kutoka dumu kubwa anaweka kwenye chupa ya maji ya kunywa, bila kuandika kitu. Rangi ni ile ile ya maji. Yeye anajua, na anajua kwa sababu ameweka mwenyewe. Zamu ikibadilika, nani anajua? Mimi chupa isiyo na maandishi sinusi, siionji, siitumii. Namwita msimamizi aje aimwage yeye.

Hospitali kuna boksi la sindano. Likifika robo tatu linatakiwa kufungwa na kuondolewa. Ukiona limejaa hadi mdomoni ujue mtu atasukuma ya mwisho kwa kidole. Na mara nyingi anayechomwa ni anayebeba boksi au mfuko, aliyechoma sindano keshaondoka.

#6 KalamuKavu

Tunawasoma tu sisi wa ofisini, feni juu, chai mezani. Hatari yetu labda kikao kirefu.

#7 MchimbaChini

@KalamuKavu subiri zamu yako inakuja.

Mimi nazungumzia sehemu finyu: matangi, mashimo ya maji taka, visima, maghala ya nafaka. Nimefanya kazi hizi muda mrefu na nitasema jambo moja tu, nalo nalisema kila ninapopata mtu wa kunisikiliza. Shimo halikuui kwa kukuogopesha. Unaingia unajisikia vizuri, halafu hukumbuki tena.

Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Ikishuka chini ya 19.5 hapaingiwi. Ikishuka chini ya 10 mtu anazimia haraka, hapati hata muda wa kushtuka. Na oksijeni haihitaji moto kuisha: tangi la chuma lililofungwa muda mrefu, kutu peke yake inaila. Kwenye maji taka kuna ile gesi inayonuka yai viza, haidrojeni salfaidi. Watu hudanganyika nayo, wanasema "harufu imeisha, ingia". Ikifika kama sehemu 100 kwa milioni ya hewa inaua pua kwanza. Harufu ikipotea ghafla, hapo ndipo pa kukimbia. Kaboni monoksaidi ndiyo haina harufu kabisa, ukiweka pampu ya petroli ndani au mdomoni mwa shimo unaitengeneza mwenyewe.

Sasa sikieni hii. Mwaka 1986 taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, NIOSH, ilitoa tahadhari kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa sehemu finyu walikuwa waokoaji. Mmoja anaanguka, wa pili anasema "fulani kaanguka!" anaruka, wa tatu anawafuata wawili. Nimewahi kumkumbatia mtu kiunoni kumzuia asimfuate kaka yake ndani ya shimo. Alinipiga kiwiko nikapasuka mdomo. Kaka yake alitolewa na watu wa zimamoto waliovaa mitungi ya hewa, akapona. Huyo jamaa bado ananiomba radhi kila tukikutana na mimi bado namwambia ningempiga na yeye pia.

Mkanda mwilini, kamba hadi juu, winchi, kipimo cha gesi kinachoshushwa kabla ya mtu, na mtu wa juu ambaye kazi yake ni kutoingia. Bila hivyo, kazi isubiri.

#8 KitiChaMbele

Mkuu MchimbaChini, umenitoa jasho na niko kitandani.

#9 MzeeGrainda

Vijana hamjambo. Nina sikio moja zima na moja la kupigia picha tu.

Sisi tulikuwa tunasema masikio yamezoea. Hayazoei, yanakufa. Kipimo cha wengi ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda wa kukaa hapo unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Huna kipimo? Simama na mwenzako umbali wa mkono. Kama inabidi upaze sauti ndipo akusikie, basi mpo kwenye 85 au zaidi. Dalili nyingine: unafika nyumbani, unaongeza sauti ya redio, asubuhi unaiwasha unashangaa nani aliiweka juu vile. Ni wewe wa jana.

Na vumbi. Ukikata zege au jiwe kwa grainda kavu, lile wingu kubwa mnalolikimbia siyo lenyewe. Linalofika chini kabisa ya mapafu ni dogo kiasi kwamba jicho halilioni, na linaelea bado wakati nyie mmeshavua barakoa kwa sababu "limetulia". Hilo ni vumbi la silika, madini yaliyomo kwenye mawe na zege. Halina haraka, linaweza kukudai baada ya miaka 15, na kovu la mapafu halina dawa ya kulifuta. Lowanisheni mnapokata. Tope linafagiliwa.

#10 Spana17

Asante Mzee, na hapo ndipo namjibu @KalamuKavu. Shirika la Kazi Duniani linakadiria watu milioni 2.93 hufa kila mwaka kwa sababu za kazi. Kati yao ajali ni kama 330,000. Milioni 2.6 waliobaki ni magonjwa: moyo, mapafu, saratani. Yaani tunayoyaona kwenye picha za kutisha ni sehemu ndogo. Kubwa linatembea polepole, na saa nyingi za kazi zikiwemo. Hilo la saa nyingi halichagui feni.

Na ofisini kwenyewe: ekstensheni iliyochomekwa kwenye ekstensheni nyingine chini ya meza, na birika la umeme juu yake. Kabati la mafaili lenye droo nne: fungua mbili za juu kwa pamoja zikiwa zimejaa uone linavyokuinamia. Mtu anayepanda kiti cha magurudumu kuchukua boksi. Huyo wa kiti nimemuona kwa macho yangu, ni mhasibu, na alikuwa amevaa viatu vya visigino.

#11 KalamuKavu

Droo nimejaribu. Nimelishika kwa goti. Naomba msamaha kwa jukwaa zima.

#12 NimeshibaSemina

Mnasema vizuri, lakini mnaongea kama watu wasio na bosi. Hatari tunaziona! Tatizo si macho. Ukisema unaambiwa "wewe mjuaji, mlango ule pale". Nani atalisha watoto?

#13 Spana17

Mkuu, hili silikwepi.

Jengo la Rana Plaza, Bangladesh. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilionekana ukutani, watu wakatolewa nje. Benki na maduka ya chini hawakufungua kesho yake. Washonaji wa viwanda vya juu waliamriwa kurudi kwenye cherehani. Asubuhi ya tarehe 24 jengo likaporomoka, wakafa watu 1,134. Waliona nyufa. Wengine hawakutaka kuingia. Kwa hiyo uko sahihi, kuona peke yake hakutoshi, na anayesema "wafanyakazi wawe makini" bila kumgusa mwenye amri anaonea watu.

Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi aliyejiondoa kwenye hatari kubwa ya papo kwa papo, akiwa na sababu za msingi, asiadhibiwe. Tangu 2022 umehesabiwa miongoni mwa mikataba ya msingi. Karatasi hailishi watoto, najua. Ninachofanya mimi: siendi peke yangu, naenda na wawili au watatu. Sisemi "mnatuua", nauliza "hiki kikitokea, tumepanga kufanya nini?" halafu naandika swali, tarehe, na picha. Bosi akishajua kuna maandishi kwamba aliambiwa, jibu lake hubadilika kidogo. Si mara zote. Mara mbili nimeambiwa mjuaji kama ulivyosema.

#14 ZamuYaUsiku

Niongeze la kukabidhiana zamu, maana hatari nyingine haiko kwenye chuma, iko katikati ya watu wawili.

Piper Alpha, mtambo wa mafuta na gesi Bahari ya Kaskazini, 6 Julai 1988. Mchana mafundi walikuwa wametoa vali ya usalama ya pampu moja kwa matengenezo, wakaziba mdomo wa bomba kwa sahani ya chuma. Kazi haikuisha. Usiku pampu ya pili ikagoma, zamu mpya wakatafuta karatasi za ile ya kwanza, hawakuona iliyosema vali haipo, wakaiwasha. Gesi ikavuja ikalipuka. Walikufa watu 167.

Tangu nisome habari hiyo sitegemei neno la mdomo. Kila fundi anafunga kufuli lake kwenye swichi kuu, ufunguo unakaa mfukoni mwake. Tukiwa watano, makufuli ni matano. Kufuli la mwenzako halifunguliwi "kwa sababu ameenda kula". Na baada ya kufunga unabonyeza kitufe cha kuwasha, kuthibitisha kweli imekufa. Kuna siku nilibonyeza, ikawaka. Tulikuwa tumefunga swichi ya mashine ya jirani.

#15 DogoStoo

Shikamooni wakubwa. Mimi nina wiki moja kazini, stoo. Naona vitu lakini naogopa kuchekwa. Kwa mfano foklifti inapogeuka, mkia unafagia nusu ya njia ambayo sisi tunapita kwa miguu. Nikauliza, wakasema "utazoea".

#16 Spana17

Marahaba mdogo wangu. Umeona sawasawa. Foklifti inageukia magurudumu ya nyuma, ndiyo maana mkia unakwenda upande ambao hukuutegemea. Gari uliyoizoea haifanyi hivyo. Njia ya miguu inatakiwa itengwe kwa reli au vizuizi, mstari wa rangi haumzuii mtu wala chuma.

Chukua daftari dogo. Wiki mbili za kwanza andika kila kitu kinachokushangaza, hata cha kijinga, usimwonyeshe mtu. Baada ya hapo hutashangaa tena na utaanza kuwa kama mimi na waya wangu. Mwisho wa wiki ya pili mpelekee msimamizi vitatu tu, kwa mfumo wa maswali. Mgeni anaruhusiwa kuuliza, hiyo nafasi haitakurudia.

#17 BwanaTathmini

Mkuu Spana, hujatuambia waya uliishia wapi.

#18 Spana17

Ha ha, nilitegemea msahau.

Niliukata kwa plaizi siku ile ile, nikajiona shujaa. Zamu ile mashine ilisimama yenyewe mara tisa, mlango umefungwa kabisa. Wale wa mashine walinitukana kwa lugha nne. Kesho yake asubuhi nikakuta waya mpya, unang'aa, umezungushwa mara tatu.

Ndipo nikakaa pale saa nzima bila kugusa kitu, natazama tu. Bawaba ya chini ya mlango ilikuwa imelika. Rola zikishika kasi mlango unatetemeka, unaachana na swichi kidogo mno, jicho halioni, swichi inaona. Mashine inasimama, lengo la zamu halifikiwi, mtu anatukanwa. Ukijiweka kwenye nafasi yake, hata wewe ungetafuta waya. Kubadilisha bawaba kulichukua dakika 40. Nikautoa waya mara ya pili, na hakuna aliyeurudisha hadi leo.

#19 MamaZamu

Na huyo kijana aliyeuliza, mlimpa hata asante?

#20 Spana17

Nilimpa, mama. Sasa yuko zamu ya usiku na ameshazoea kama sisi wote, ila bado kidogo. Juzi kanivuta mkono, kanionyesha mtungi wa kuzimia moto uliotundikwa ukutani nyuma ya mlango unaofungukia ndani. Mlango tunauacha wazi mchana kutwa, kwa hiyo mtungi hauonekani kuanzia asubuhi hadi jioni. Mimi ndiye niliyeutundika. Kesho naenda na drili.